Mtani Wangu, Muonja Dawa

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: mtu akichovya kidole kwenye dawa, akakilamba mbele ya macho yako, akameza, akaachama mdomo uone hakuna kilichobaki, halafu akakukabidhi wewe kopo, utakataa? Mimi sikukataa. Miaka yote ile sikukataa hata siku moja, na nilikunywa vitu vichungu vya mzee yule mpaka ulimi ukawa kama kandambili iliyosahauliwa juani.

Jina lake sikutajii. Ni mtani wangu, yeye Mnyamwezi mimi Msagara, na jina lake sijawahi kulitumia. Nilimwita mtani, akaniita mtani. Pale sokoni Kilosa wengine walimwita Muonja, ikatosha.

Kibanda chake kilikuwa upande wa wauza ndizi: mbao nne, turubai juu, na ndani mafungu ya magome na mizizi yamefungwa kwa katani. Siku ya gulio la Mikumi alipakia magunia mawili kwenye basi akaenda kupanga chini kule, karibu na yanapolala malori. Mwembamba, bwana! Ukimwona kwa ubavu unaweza kudhani ameshaondoka. Na sauti kubwa, sijui ilikuwa inakaa wapi kwenye mwili ule.

Basi kuonja kwake ndiko kulikompa jina. Si kuonja mara moja asubuhi, hapana. Kila mteja. Hata uwe jana umenunua dawa ile ile, leo ukirudi anaonja tena mbele yako. Watu wapange foleni mpaka kwenye ndizi, yeye anaonja tu, mmoja mmoja. Anameza, anajipiga kifua, anasema, "Nimeonja, na mimi huyu hapa." Ndiyo ilikuwa risiti yake.

Kuna siku walikuja watu watano, wote wanataka ya kulainisha tumbo. Akaonja mara tano. Saa nne hayupo, saa sita hayupo. Nikaulizia kwa muuza ndizi, akaninong'oneza, "Bibi, mtani wako yuko choo cha soko tangu saa tatu, anapokea salamu humo humo." Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Alipotoka, nikamwambia, "Mtani, leo risiti zimekuwa nyingi." Akasema, "Nyamaza wewe mkimbia vumbi! Babu zenu walipotuona tunapita na mizigo wakapanda milimani, mpaka leo mnachungulia." Nami nikamrudishia, "Afadhali sisi tuliopanda. Nyie mlibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikazama." Soko zima linacheka.

Nilicheka siku ile. Laiti ningefikiri kidogo kwamba kidole kimoja kimoja kikilambwa mara nyingi kinakuwa kikombe. Sikufikiri. Na yeye hakufikiri.

Kupima alipimia kizibo cha soda. "Vizibo viwili asubuhi. Ukizidisha usije kwangu, nenda kwa mchimba kaburi." Hakumpa dawa mtu aliyetumwa. Alikuja baba mmoja wa Ruaha, mkata miwa, anataka dawa ya mkewe anayeumwa kiuno. Muonja akamwambia, "Kiuno kiko wapi?" "Kiko nyumbani." "Basi na dawa itakaa hapa mpaka kiuno kije." Yule baba akatukana, akaondoka, na kesho yake akarudi na mkewe kwenye pikipiki. Ndivyo alivyokuwa, mgumu kama ukuta. Mto Mkondoa ulipofurika ukaingia sokoni, wenzake waliokoa magodoro na masufuria, yeye alitoka na mzigo wa magome kichwani, maji kifuani, anapiga kelele kwamba mizizi ikilowa inageuka kuwa kitu kingine na yeye hauzi kitu asichokijua.

Asichokijua! Maneno yake mwenyewe. Yashike hayo.

Sindano aliziogopa kama mtoto. Hospitali aliisema vibaya asubuhi na jioni. Sasa siku moja nikamwibia kopo la ugoro, nikitaka tu kumsumbua. Nikalifungua: vidonge! Vya rangi ya waridi, vimepangwa vizuri. Nikamwuliza, "Mtani, ugoro wenu wa Tabora siku hizi una rangi hii?" Akanivuta nyuma ya turubai. "Punguza sauti, shetani wa Kisagara. Vya presha hivyo."

"Wewe? Unakwenda hospitali?"

"Daktari ana kile kifaa cha kufunga mkononi. Mimi sina. Nifanyeje?"

Sikumsema kwa mtu. Na nilimpenda zaidi kwa jambo lile.

Nyie watoto wa sasa utani hamuujui, mnadhani ni kutumiana picha za kuchekesha. Mtani ana haki juu yako. Siku tunamzika mume wangu, huyu mzee aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, eti marehemu alikuwa na jogoo wake. Watu wanacheka, mimi nalia, halafu nikajikuta nacheka katikati ya kilio, na ndipo nikaweza kupumua. Jogoo akapewa. Na mimi siku anamwoza binti yake nilimvua koti mbele ya wakwe, nikalivaa, nikapanda nalo gari mpaka kwangu Zombo. Mtani akikuteka kitu, kimekwenda. Hukasiriki, hupigani, huendi kwa mwenyekiti wa kijiji. Unasubiri zamu yako.

Haya, sasa njoo kwenye unene.

Sisi tulipokuwa wasichana, mtu akinenepa watu walimpongeza mumewe. Siku hizi wasichana wanatazama simu, kisha wanajitazama wenyewe, wanalia. Muonja alikuwa na dawa ya kupunguza mwili tangu zamani, majani machungu na tangawizi, na kila aliyeinunua alimwambia, "Hii unywe halafu ulime. Usipolima utanenepa wewe na dawa yako." Wanawake walinung'unika kwamba haifanyi kazi. Akawajibu, "Jembe je, mmelijaribu?"

Halafu akaja kijana mmoja kutoka mjini, shati jeupe, viatu havijawahi kukanyaga matope. Akamletea unga kwenye gunia, na makopo matupu yenye karatasi ya picha: mwanamke kiuno kama nyigu. Kijana akamsomea ile karatasi, maana Muonja hajui kusoma, na mimi niliishia darasa la pili. Akamsomea miti kumi na miwili, mmoja mmoja, na mingine Muonja aliijua kwa jina. Akachovya kidole, akalamba, akalamba tena. Nilikuwepo. Akasema, "Ina karafuu. Na kitu kingine." Kijana akasema, "Ni mti wa ng'ambo, mzee." Basi, ikapita hivyo, mti wa ng'ambo.

Ukafanya kazi! Wiki moja tu, mama muuza maandazi akafunga khanga ikamzunguka mara mbili. Wakaja kutoka Mikumi, wakashuka kutoka Vidunda kwa miguu. Foleni. Na Muonja kwenye kila kichwa anachovya kidole, analamba, "Nimeonja, na mimi huyu hapa." Nikaona anazidi kukonda, nikamtania kwamba akikohoa atavunjika. Nikaona halali mchana kama zamani, mkono unacheza. Nikasema uzee.

Sasa sehemu hii nitaisema haraka, kwa sababu inanichoma.

Dada wa afya wa wilaya alikuja sokoni, msichana mpole, kitambulisho shingoni, na karatasi zake. Habari zilimfikia kwamba kuna unga usioandikishwa. Muonja akamwona tangu kwenye wauza nyanya. Akayafagia makopo yote kwenye gunia langu la pumba za kuku, akaniambia, "Mtani, kaa hapo."

Nikakaa. Ndiyo, mimi. Nikakaa juu ya lile gunia na haya matako yangu mapana, nikafurahi kama mtoto aliyepewa kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, habari za huko ofisini?"

Akamgeukia Muonja. "Babu, dawa ya kupunguza mwili ina nini ndani?"

"Miti."

"Miti gani?"

"Ya kupunguza."

"Umeiandikisha? Imepimwa?"

"Naionja mimi mwenyewe."

"Babu, ulimi si kipimo. Sikatai dawa zako, wengi wameziandikisha na wanauza vizuri. Nataka kujua kilichomo, basi."

Na mimi nikaingilia. Nikamsimulia habari za lile koti, za jogoo wa kaburini, yule binti akacheka mpaka akafuta machozi, karatasi zake zikalala mapajani. Alipoondoka, Muonja akanipigia makofi. Nguo zangu zilinuka siku nzima, karafuu na kitu kama ndoo mpya ya plastiki. Nikajiona mjanja.

Nyumbani nilikuwa na Zuhura. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajui kutambaa. Namwita mke mwenzangu, naye ananiambia nimempora babu yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na roho yake yote ilikuwa kwenye uaskari wa wanyamapori. Usaili ungekuwa Mikumi, kulikuwa na kukimbia, na wenzake wakamtia hofu kwamba bonge hachukuliwi. Zuhura ana mwili wangu. Umenielewa.

Basi kila asubuhi anakimbia, kutoka nyumbani mpaka kwenye pampu ya maji na kurudi, mara nyingi. Akapungua. Mimi nafurahi, nasema mazoezi hayo. Nikimwekea chakula, "Bibi, nimeshiba." Nikiamka namkuta macho. Maji anakunywa kama ng'ombe wa Wamang'ati, midomo mikavu. Nikimwuliza ananijibu kwa ukali, halafu anaomba radhi. Niliyaona yote, mwenzangu. Nilikuwa nimeyaona kwa mtu mwingine pia, sokoni, na sikuunganisha.

Asubuhi moja, jua bado halijakaza, wanawake wa kwenye pampu wakaja mbio. "Bibi, Zuhura kaanguka!"

Nilimkuta amelala kwenye matope ya pampu, jicho limegeuka juu. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Moyo ule haukuwa unapiga, ulikuwa unakimbia bila yeye. Tukampandisha pikipiki, kijana mbele, Zuhura katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kitambaa cha kichwa changu tumemfungia asidondoke. Kutoka Zombo mpaka Kilosa namwambia sikioni, mke mwenza usiniache peke yangu, mke mwenza fumbua macho.

Hospitali daktari alikuwa kijana, mwembamba, hana mzaha. Akamsikiliza, akatazama mashine, akasema, "Bibi, moyo unakwenda kuliko wa mtu anayekimbia, na huyu kalala. Kanywa nini?"

Zuhura alikuwa amefumbua macho. "Maji tu."

"Dada, nakuuliza ili nikusaidie."

"Maji tu, daktari." Na akanitazama mimi, akaogopa. Aniogope mimi! Hiyo ilinikata kuliko yote.

Nikafungua mkoba wake mdogo, ule aliokimbia nao mgongoni. Ndani ya soksi nikakuta kipande cha gazeti kimekunjwa. Kitupu, vumbi tu. Nikanusa. Karafuu na ndoo mpya. Harufu ile sikuhitaji kuambiwa, niliikalia.

Daktari akasugua lile vumbi kwa kidole. "Hii haitoshi. Niletee kopo lenyewe. Nisipojua alichokunywa, naweza kumpa kitu kikagombana nacho humo ndani. Nenda upesi, bibi."

Kutoka hospitali mpaka sokoni sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kandambili moja ilibaki njiani.

Muonja alikuwa na mteja, kidole kiko mdomoni. Nikamwambia, "Mtani, nipe kopo la ule unga. Zuhura yuko kitandani, daktari analitaka."

Akaishusha sauti. "Zuhura? Yule alisema ananunua ya kumsaidia kukimbia tu. Nilimwambia kizibo kimoja."

"Nipe kopo."

"Mtani, wakiliona watanifunga. Mwambie ni miti."

"Nipe, nakwambia."

"Nilionja! Mbele yake nilionja! Mimi huyu hapa!" Akalishika kopo kifuani kwa mikono miwili, mikono inatetemeka, jasho linamtiririka kwenye kivuli. Nilidhani hasira. Muuza ndizi kasimama na kisu chake hewani. Niliwaza: nikipiga kelele, watu wataniona mwehu, nikiomba, hatanipa, na kule moyo wa mtoto unakimbia.

Nikasema kwa sauti ya utani, ile ile ya miaka yote: "Mbeba mizigo wee! Nimekuteka!" Nikalikamata.

Akanyanyua fimbo yake. Kweli aliinyanyua. Tukatazamana, na nikaona ndani ya macho yake ile sheria ikimshika mkono: ukitekwa na mtani hupigi. Fimbo ikashuka polepole. Nikavuta. Kopo likaja, kifuniko kikabaki mkononi kwake. Nikalifunika kwa upande wa khanga, nikakimbia, mimi na umri huu, mguu mmoja pekupeku.

Daktari alimwaga kidogo kwenye kisahani, akaweka maji, akachokonoa. Majani yakaelea. Chini kikabaki kitu cheupe kinachong'aa. Akasema, "Hii si miti, bibi. Hapa kuna vidonge vimesagwa. Nilishamwona mgonjwa wa namna hii. Vinakata njaa, vinausukuma moyo. Sasa najua naanzia wapi." Sampuli ikapelekwa kupimwa, na majibu yalipokuja baadaye sana yakasema vile vile alivyosema yeye: dawa ya kukata njaa, iliyokwisha kukatazwa kwa sababu inaumiza mioyo ya watu, imefichwa ndani ya majani.

Nikauliza, "Mbona aliyemuuzia anaonja na yuko hai?"

"Anaonja mara ngapi?"

"Kila mteja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Siku ya soko wateja wangapi?"

Nikaanza kukunjua vidole. Vya mkono mmoja, vya wa pili. Nikaanza tena. Na hapo ndipo kila kitu kikaungana kichwani mwangu, kukonda, kutolala, mikono, jasho la kivulini. Nikasema, "Na ana presha. Vidonge vyake anaficha kwenye kopo la ugoro."

"Kamleteni."

Tulimkuta chini ya turubai, kaegemea magunia, muuza ndizi anampepea kwa jani. Kifuniko bado kiko mkononi. Kumbe yule mzee katika wilaya nzima ndiye aliyeula ule unga kuliko mtu yeyote, kwa kidole, kwa uaminifu.

Siku nne nilitembea kati ya wodi mbili na chupa moja ya uji. Kwa wanawake Zuhura, kwa wanaume Muonja. Siku mbili za kwanza daktari hakunipa maneno matamu, alisema tu tungoje. Mzee akanituma, "Mwambie mtoto, nilionja." Nikapeleka. Zuhura akageukia ukutani. "Bibi, yule babu usinitajie."

"Ni mgonjwa na yeye."

"Nilimwamini kwa sababu wewe ulimwamini."

Uji ulipoa mkononi mwangu.

Dada wa afya alipokuja kuandika maelezo, nilimwomba tutoke nje kwenye benchi. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ulipokuja sokoni makopo yalikuwa chini yangu. Niliyakalia. Niliyakalia nikakuchekesha ili usahau." Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Bibi, ningeyapata siku ile, mjukuu wako asingeyapata." Akaandika. Mpaka leo nikikaa kwenye gunia lolote nainuka.

Walipona, alhamdulillahi. Zuhura moyo ulirudi mahali pake, lakini usaili ulipita akiwa bado anashika ukuta kwenda chooni. Unga ulichukuliwa wote ukateketezwa. Kijana wa shati jeupe simu yake haikupatikana tena. Kibanda cha Muonja kikafungwa kwa karatasi yenye muhuri, akaambiwa hatauza hata jani moja mpaka ajiandikishe, yeye na kila dawa yake.

Ukapita msimu mzima wa mahindi sijamwona. Nilisikia tu kwamba anashinda ndani.

Halafu juzi juzi, mchana, napembua mchele barazani, pikipiki ikasimama. Akashushwa kama mzigo wa kuni. Amezeeka ghafla, lakini mikono imetulia.

"Mtani," akasema, "koti langu liko wapi?"

"Nilimvalisha sanamu wa kufukuza ndege. Limempendeza kuliko wewe."

Akacheka kidogo. Nikamletea chai. Akaitazama, akainua kidole, halafu akakirudisha kwenye goti. Akanywa kama watu wengine.

Akatoa mfukoni kile kifuniko, akakiweka juu ya mkeka wangu. Kisha akatoa karatasi zilizokunjwa, fomu za ile ofisi. "Wanataka kila dawa: mti gani, sehemu gani, kipimo gani, umechanganya na nini. Wamesema nije na mtu anayejua kusoma. Mara ya mwisho nilisomewa na yule kijana, ukaona." Akakohoa. "Uliniteka kopo, mtani. Leo zamu yangu. Nimekuja kukuteka msomaji."

Zuhura alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Akatoka, akasema shikamoo kama mtu anayelipa ushuru, na mzee akaitikia marahaba akiangalia chini.

"Mimi si jogoo, babu," Zuhura akasema. "Sitekwi."

Mchele ukanikwama kwenye ungo. Nilimjua Zuhura, neno moja baya hapo na yule mzee angeondoka kabisa, na magome yake na miti yake yote anayoijua ingekwenda naye kaburini. Na Zuhura naye angebaki na uchungu wake kama jiwe tumboni.

Mzee akasema, "Kweli. Hutekwi."

Pikipiki inangoja, inapoa, inalia tik, tik.

Zuhura akauliza, "Dawa yako ya kikohozi ina nini?"

Akamtajia. Jani, gome, limechumwa wakati gani, limekaushwa kivulini siku ngapi. Hakusita.

"Ya tumbo?"

Akamtajia.

"Ya kiuno?"

Akamtajia, mpaka na upande wa mti unaotazama jua.

"Na ule unga niliokunywa mimi?"

Muonja akafungua mdomo. Nilidhani atasema nilionja. Akaufunga. Akakikodolea macho kile kifuniko pale mkekani, halafu akasema, "Sijui, mama. Sikujua. Na nilikuuzia."

Miaka yote hiyo, tangu nimfahamu, lile neno sijui sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Lilitoka dogo, kwa sauti ambayo si yake.

Zuhura akaziokota zile karatasi, akaingia nazo ndani. Mzee akaningoja mimi nimwambie maana yake, nami nikainamia ungo. Akapandishwa pikipiki, akaondoka na kofia yake mkononi.

Nikaendelea na mchele, kokoto siioni, macho yameingia maji. Zuhura akatoka na kalamu sikioni, akakaa mkekani karibu nami kama alivyokuwa akikaa mdogo, akakichukua kile kifuniko akawa anakigeuzageuza.

"Bibi," akasema, "nakuahidi, nitakwenda naye mpaka ofisini. Nitamwandikia kila mti anaoujua. Na pale atakapokuwa hajui, bibi, nitaandika: hajui."